Barua kwa mwanangu aliye Pune, India

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Mombasa hatujambo, na babako anakusalimu sana. Nimefurahi kusikia umepona homa na masomo ya usanifu majengo yamekukolea. Umeniuliza insha yako ya mahekalu ya kale ya India uiweke upande wa Wabudha, wa Wahindu au wa Wajaini, wale wafuasi wa dini ya Kijaini ya hukohuko India, maana kitabu chenu kimempa kila mmoja sura yake. Mimi naona mgawanyo huo unamficha aliye muhimu kuliko wote, naye ni fundi. Nenda ukamtafute huyo.

Anzia mapango ya Karla, kilomita 60 hivi kutoka ulipo. Ukumbi mkuu wa Wabudha ulichongwa ndani ya jabali takriban miaka 2,000 iliyopita, urefu mita 45, kimo mita 14. Inua macho utazame dari. Utaona mbavu za mbao, mbao hasa, zimepachikwa kwenye mwamba usiohitaji kushikiliwa na chochote. Fundi alizoea kujenga kwa miti na kuezeka kwa nyasi. Alipopewa jabali, akachonga lile jengo alilokwisha kulijua. Lile dirisha kubwa la mbele lenye umbo la kwato ya farasi ndio uso wa paa la miti iliyopindwa.

Sasa lifuatilie dirisha hilo, kwani humo ndimo insha yako ilimo. Karne chache baadaye halipitishi tena mwanga. Limekuwa pambo dogo, likarudiwa tena na tena kwenye minara ya mahekalu ya Kihindu, safu juu ya safu, hadi minara mingine ya kaskazini imefunikwa na vijidirisha vilivyosukwa kama ukili. Kusini limepangwa kwenye kingo za paa, na pengine kuna kichwa cha mtu kinachungulia ndani yake. Kule Aihole, Karnataka, hekalu liitwalo la Durga limeviringwa nusu duara kwa nyuma, sawa na kumbi za Wabudha, ila pale ambapo stupa, lile kuba ambalo Wabudha hulizunguka kwa ibada, ingekaa pana chumba cha mungu, na ujia wa kumzunguka.

Lakini usije ukaandika kwamba Wahindu waliiga tu. Majengo ya miti yalikuwa ya wote. Yamepotea, na Wabudha ndio waliotangulia kuchonga majabali kwa wingi, kwa sadaka za watu ambao majina yao bado yamo kwenye nguzo za Karla, kwa hiyo kumbukumbu ya miti tunaisoma kwao.

Kisha nenda Ellora, penye mahekalu mengine yaliyochongwa jabalini. Mapango 34 yamepewa namba kutoka kusini kwenda kaskazini: 1 hadi 12 ya Wabudha, 13 hadi 29 ya Wahindu, 30 hadi 34 ya Wajaini. Wengi huzisoma namba hizo kama umri, nazo si umri. Baadhi ya mapango ya Wahindu, kama la 29, ni ya zamani kuliko la 10 la Wabudha. Hilo la 10 limechongwa dari lenye mbavu za mawe zilizoigizwa mbao, na limepewa jina la Vishvakarma, ambaye kwa Wahindu ni mungu wa mafundi. La 16, Kailasa, ni jabali zima lililochongwa kuanzia juu kushuka chini, kazi ya zama za mfalme Krishna I katika karne ya 8. Baadaye Wajaini wakachonga la kwao dogo kwa mfano huohuo. Ni pango la 30.

Ukipata nauli ya kufika Khajuraho, zunguka nje ya hekalu la Parshvanatha la karne ya 10. Ni la Wajaini, lakini kutani utawakuta Rama na mkewe Sita, wanaoabudiwa na Wahindu. Na Gujarat na Rajasthan ni vivyo hivyo: hekalu la Jua la Modhera la Wahindu na lile la marumaru la Wajaini pale Mlima Abu, lililokamilika 1031, yamepishana miaka michache tu, na nguzo zao ni za mtindo mmoja. Baada ya hapo Wajaini, waliokuwa na wafanyabiashara matajiri, waliendelea kuwapa kazi mafundi wa mtindo huo karne hadi karne. Naamini bila wao usingetufikia. Hekalu la Wajaini la Mji wa Kale hapa Mombasa, ulilokuwa ukilipita ukienda madrasa, lina asili huko. Na hekalu la Swaminarayan la Nairobi, lililofunguliwa 1999, ni la Wahindu lakini mtindo ni uleule.

Karla panda asubuhi mapema. Mbele kabisa ya mlango wa ukumbi utakuta hekalu la mungu wa kike Ekvira, na mahujaji wake ni wengi, hasa wavuvi wa jamii ya Wakoli. Wape njia, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Ellora hufungwa Jumanne, na mapango ya Ajanta, ukitaka kuyafikia pia, Jumatatu, basi panga safari yako vizuri. Chukua tochi. Michoro ya nguzo nitumie kwanza kabla hujampa mwalimu.

Mamako