Picha za Great Northern: wageni wapelekwe maji mafu

Ndugu Mhariri,

Picha nyingi zinazopigwa kwenye Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama nje ya Mji wa Zanzibar mwaka 1902, hutoka buluu tupu na kujaa vidoa vyeupe. Lawama hupewa kamera. Aghalabu kosa ni la siku.

Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo hutimua tope. Mwezi ukiwa nusu, maji yamekufa, yaani hayapandi wala kushuka sana, na hujaa kiasi cha saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Muda wa kuzama ni saa ile ya mwisho kabla hayajajaa, maji safi ya nje yakiingia. Yakianza kutoka huja na uchafu wa bandarini. Manahodha wote wanalijua hili. Anayeuza safari kwenye meza ya hoteli ndiye asiyeuliza.

Meli iko kwenye kina cha mita 12 hivi, na wekundu huanza kufifia hata kabla ya mita 5. Bila flashi, tumia kichujio chekundu na uipimie kamera weupe upya (white balance) kwa kibao cheupe kila unapobadili kina. Ukiwasha flashi, kichujio kitoke. Mwanga wake haufai kitu kupita mita moja na nusu, kwa hiyo msogelee samaki kama mkunga au chewa badala ya kuvuta lenzi. Taa za flashi zikae mbali na lenzi, zikitazama nje kidogo. Zikielekezwa mbele moja kwa moja humulika vumbi lililo kati yako na samaki, na hivyo ndivyo vile vidoa.

Kasha la kamera la kuzuia maji lifungwe chumbani penye kiyoyozi. Likifungwa chomboni, unyevu unaobaki ndani hufanya ukungu kwenye kioo likifika chini. Unywele mmoja tu kwenye mpira wa mfuniko unatosha kuingiza maji: ufute, upake grisi ya silikoni kiduchu, kisha ulizamishe kasha tupu kwenye ndoo kwanza.

Nanga nayo itupwe mchangani. Ikiburutwa juu ya meli huvunja matumbawe na kutibua maji kwa kila aliyeko chini.

Tunaomba wenye vyombo wabandike jedwali la maji pale wanapouzia tiketi.

Wazamiaji,
Malindi, Unguja