Ruzuku ya shule ihesabu na umbali wa Liwale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Liwale, mkoani Lindi.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024: awali, darasa la kwanza na la tatu nchi nzima kwa mkupuo, na kidato cha kwanza kwa shule za mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Siupingi. Vijana waliomaliza shule bila ujuzi wowote wa mikono tumewaona vya kutosha. Lakini vifaa havikufika kwa mkupuo.

Jioni moja mwaka ule nilimkuta mwalimu wa darasa la tatu amesimama juu ya kichuguu nyuma ya mikorosho, simu kainyanyua, anatafuta mtandao apakue kitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Bando kanunua mwenyewe. Kesho yake akakinakili ubaoni, watoto nao wakanakili kwenye madaftari, kengele ikalia hawajafika hata kwenye zoezi. Mwalimu huyo sina neno naye, Mungu amzidishie.

Kinachoniuma ni ruzuku. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, awe Ilala au Liwale. Shule yetu ina watoto 170, kwa hiyo hata ikija yote ni shilingi 1,700,000. Shule ya mjini yenye watoto 2,000 inahesabiwa milioni 20, na duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara. Sisi karatasi na chaki tunazifuata mbali, nauli inakula nusu ya tulichonacho. Pengo tunaliziba kwa michango baada ya mnada wa korosho, na bei ikianguka, mchango nao haupatikani.

Sasa, kwa kuwa mtaala mpya unaishia darasa la sita badala ya la saba, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanatakiwa kidato cha kwanza. Mwanangu yumo. Naiomba Wizara ya Elimu na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, waongeze fungu la umbali kwenye ruzuku, tena watangaze mapema kila halmashauri itapata madarasa, walimu na karakana ngapi. Na saruji ya Liwale isafirishwe kiangazi. Masika ikishika, barabara ya Nangurukuru malori hayapiti.

Mzazi,
Liwale, Lindi