Risasi ya kujilinda uijaribu kwanza kwenye bastola yako mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaomiliki bastola kihalali, hasa sisi wafanyabiashara wa mazao tunaoshinda Kibaigwa sokoni alafu tunarudi Dodoma mjini giza limeshaingia. Kuna jambo limenikuta mwezi wa nane na tangu siku ile sijatulia.

Bastola yangu ni ya milimita 9, ninayo mwaka wa 11 huu na leseni haijawahi kupitwa na tarehe. Wakati naichukua muuzaji aliniambia chukua hizi holopointi, zile za kichwa chenye tundu, ndo kali kuliko zote. Nikachukua boksi moja. Sikuuliza swali hata moja, nikajaza magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, nikaenda nyumbani, na miaka yote hiyo nikawa nalala usingizi wangu nikijua nina kinga. Kila jioni nikifika nyumbani natoa risasi chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi kabla ya kupigwa, asubuhi nikitoka naikoki tena, yaani naiingiza chemba risasi ileile, na kila nikisafisha bastola nazipaka na risasi mafuta zisishike kutu, nikiamini natunza vizuri kabisa.

Sasa mwezi wa nane mzee mmoja mstaafu wa jeshi jirani yangu hapa Nkuhungu akaniuliza, hivi wewe ile bastola ulishawahi kuipiga? Nikanyamaza. Tukafuata taratibu, tukapata ruhusa, tukaenda kwenye uwanja wa shabaha. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikagoma kuingia chemba, pua yake imedunda pale mlangoni na slaidi, kile chuma cha juu kinachoenda mbele na nyuma, imebaki nusu, mkono wangu unatetemeka sijui nifanye nini. Mzee akaitoa, tukaendelea, kufika ya sita nikavuta triga nikasikia "tak" tu. Nikataka kuigeuza niangalie, mzee akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu, akasema iache imeelekea kulekule kwenye shabaha uhesabu mpaka 30, mana kuna risasi inachelewa kulipuka. Tulipomaliza magazini ya risasi 15 nne zilikuwa zimeleta shida. Nne! Niliweka bastola chini nikakaa, nikawa nakumbuka usiku wote niliopita Mtanana na Mbande na hela ya watu kwenye gari.

Mzee alinieleza taratibu na ndo naomba wenzangu wasikie. Alichukua ile risasi niliyokuwa naikoki kila asubuhi akaisimamisha pembeni ya nyingine iliyokuwa chini ya boksi, haijaguswa. Ya kwangu ilikuwa fupi. Kwa macho kabisa, sio mpaka upime. Kila ukikoki ile pua inagonga mlango wa chemba na inasukumwa kidogo ndani ya ganda, baruti inabanwa, na ukija kuipiga presha inapanda kupita ilivyopangwa, bastola inaweza kupasuka mkononi mwako. Kwahiyo risasi moja usiikoki kila siku mwaka mzima, zungusha, na ukiona imefupika iweke pembeni uirudishe polisi. Na yale mafuta yangu ndo yawezekana yaliua zile zilizogoma, mafuta mepesi ya kulainishia yanapenya mpaka kwenye fataki, kile kiduara cha kitako kinachogongwa na pini, ikishaloa hailipuki. Risasi haipakwi mafuta. Inakaa pakavu, pasipo na joto kali, sio kwenye dashibodi ya gari lililopaki juani pale Sabasaba kutwa nzima.

Nirudi kwenye holopointi mana hapa ndo watu wengi tunadanganyana. Ile ya kawaida ni ya pua ya mviringo imefunikwa shaba yote, inateleza kuingia chemba bila tabu na bastola nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya hiyo. Hata risasi yenyewe ya bastola kama yangu, 9x19 (upana wa kichwa na urefu wa ganda kwa milimita, kwa makadirio), ni ya zamani sana, Mjerumani Georg Luger aliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na jeshi la maji la Ujerumani likaichukua 1904. Holopointi pua yake ni pana ina mdomo, kwenye bastola nyingi mpya inapita vizuri tu lakini nyingine inagoma, na bastola mbili za aina moja zinaweza kutofautiana. Hakuna muuzaji anayeweza kukuhakikishia akiwa nyuma ya kaunta.

Lakini sisemi holopointi ni mbaya, hapana. Ina sababu yake ya maana sana hasa kwa sisi tunaoishi tumebanana. Ikiingia mwilini inatanuka na kupunguza mwendo, ile ya mviringo inaweza kumpita mtu ikaendelea mbele, na mbele ni mlango wa bati, nyuma ya mlango ni mtoto wa jirani amelala. Wapo wanaosema imepigwa marufuku duniani kote, hiyo sio kweli, Tamko la The Hague la 1899 lilizuia risasi za kutanuka kwenye vita kati ya majeshi ya nchi zilizokubaliana, mambo ya polisi na raia yanaenda kwa sheria ya kila nchi. Hapa kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwahiyo kabla hujanunua aina yoyote nenda kaulize polisi kibali chako kinaruhusu nini, usimsikilize mtu wa kijiweni.

Na hata huo ukali wa holopointi nao una mipaka. Tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami, Marekani, maafisa 8 wa FBI, wapelelezi wa serikali ya kule, walipambana na majambazi 2. Jambazi mmoja alipigwa mapema kabisa risasi ya milimita 9 ya kutanuka, ikapita mkononi ikaingia kifuani ikaishia karibu na moyo bila kuufika, na yeye akaendelea kupiga. Maafisa 2 walikufa na 5 wakajeruhiwa. Baada ya hapo ndo FBI wakaanza kupima risasi kwa kuzipiga kwenye jelatini, kitu laini kinachofananishwa na nyama ya mwili, wanatafuta iingie inchi 12 mpaka 18, yaani kama sentimita 30 hadi 45, tena wanaweka mbele yake nguo nzito, mbao, bati, kioo cha gari. Nguo nzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, lile tundu likijaa kitambaa risasi inaweza isitanuke kabisa ikapita kama ya kawaida, na watu wa Dodoma mwezi wa saba wanavyovaa makoti usiku mnajua wenyewe. Kwahiyo neno "kali" halinitoshi tena, nataka kujua imepimwa vipi, na juu ya yote inaingia chemba na kulipuka kila nikivuta triga? Mimi sasa hivi nikipewa nichague kati ya ya mviringo isiyogoma hata mara moja na holopointi inayogoma moja kwa ishirini nachukua ya mviringo, nitaangalia zaidi tu nyuma ya ninachokipiga kuna nini.

Kuna jamaa yangu sokoni naye ana Makarov, bastola ya Kirusi. Aliwahi kuuziwa risasi za "tisa milimita" na mtu ambaye hata hakuuliza bastola gani. Bahati nzuri hazikuingia. Jamani tisa milimita sio moja, Makarov ni 9x18 na kichwa chake ni kama milimita 9.27, ya 9x19 kichwa ni kama milimita 9.01 na ganda ni refu zaidi, alafu kuna ya 9x17 ambayo ni fupi zaidi na nguvu yake ndogo. Soma maandishi kwenye mtutu na kitako cha risasi, yafanane.

Magazini pia. Tunalaumu risasi wakati springi imechoka au magazini imejaa vumbi, na vumbi la Dodoma kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinyeshe linaingia kila mahali, hata kwenye saa ya mkononi. Ifungue, ifute kwa kitambaa kikavu, usimwagie mafuta yakashika vumbi likawa tope. Na ukipiga ukasikia mlio mdogo usio wa kawaida simama hapohapo usikoki nyingine, kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu.

Sasa shida yangu kubwa Mhariri na sababu ya barua hii. Wataalamu wengi wa nje wanasema usiiamini risasi mpaka umepiga 200 bila kukwama. Huku sisi tunanunua kwa kibali na kwa idadi, mtu unapata risasi chache unaogopa kupiga hata moja mana ukizimaliza unaanza upya kuomba, matokeo yake watu tuna bastola miaka na miaka hatujawahi kuisikia mlio wake. Nawaelewa polisi, risasi zikizagaa ni hatari kwa wote na wala siombi mtu aruhusiwe kujaza stoo. Naomba Wizara ya Mambo ya Ndani na Jeshi la Polisi waangalie utaratibu wa risasi za mazoezi zinazonunuliwa na kuishia uwanjani palepale, mbele ya askari, maganda yanahesabiwa na kurudishwa, mtu anatoka na zile zile alizoingia nazo kwa ajili ya kujilinda. Hata magazini 2 au 3 kwa mwaka zingetosha kumwonyesha mtu kama bastola yake na risasi zake zinaelewana. Na mtu anapopewa leseni mpya apigishwe shabaha kwa risasi za aina ileile atakayotembea nayo.

Mzee wangu anasema kwa sasa mwenye risasi 50 atoe angalau magazini moja nzima aipige, zilizobaki atakuwa anazijua. Mimi boksi langu la zamani nimelipeleka kituoni na nimeandika barua ya kuomba jingine, nasubiri majibu. Mpaka yaje narudi kutoka Kibaigwa mchana.

Mfanyabiashara wa mahindi,
Nkuhungu, Dodoma.