Mashine imeamka

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya isha

Mgosi wangu,

Assalaam aleikum. Tangu uondoke alfajiri ile na begi lako bila kuniaga, hata mkono wa Idi hatujapeana, na mimi nimekaa kimya kama vile nakudai. Huku wazima. Babu mguu unamsumbua, mdomo haumsumbui. Mama Zai kaniambia nikikuandikia nikuulize sahani yake ya pilau iko wapi. Mvua imenyesha wiki nzima, randa zote zimeota kutu. Salamu zimetosha.

Mashine inatembea.

Lile dude letu la kuchongea ambalo mimi nilikuwa naliita jeneza na kuliwekea ndoo za rangi juu, linatembea. Nilishalikatia tamaa kama ubingwa wa Coastal Union, unajua mwenyewe tangu 1988 tunasubiri. Jana limechonga waridi kwenye ubao wa mtiki wa Longuza, majani mpaka mishipa yake, na watoto wa madrasa wamejaa mlangoni wamesahau kwenda chuoni.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla Bonge hajakupigia simu. Ramadhani iliyopita nilitaka kuiuza kwa kilo. Jamaa wa chuma chakavu alikuja na mzani, tukapatana, nikapokea nusu ya hela. Na nusu ya mashine ni yako, sikukuuliza. Kilichoniokoa ni kwamba alumini yote ya lile daraja linalobeba kisu juu ya meza alitaka kuihesabu bei ya chuma. Nikamrudishia hela yake palepale. Ningependa kukwambia nilikumbuka urafiki wetu, ila ukweli ni alumini.

Sasa, sanduku la umeme nilikuwa nimeshalifungua, nataka kutoa shaba. Ndani nakuta mjusi mkavu, vumbi la mninga limeganda, na vile vikaratasi vyako vya gundi kwenye kila waya. X, Y, Z, yaani kulia-kushoto, mbele-nyuma, juu-chini. "Swichi kulia." Kimoja umeandika "USIGUSE" na hujasema kwa nini. Nikakaa chini na mita ya kupimia umeme.

Mgosi, mashine haikuwa imekufa. Iliyokufa ni ile kompyuta ya Windows XP iliyokuwa inaiamuru, kapasita zake zimevimba vichwa vyote. Na sisi tulikuwa tunagombana kuhusu mashine! Mota za stepa, zile zinazozunguka hatua kwa hatua, nilizijaribu moja moja: unaunganisha nyaya mbili za koili moja, unazungusha shafti kwa vidole, inakuwa nzito, unaziachia, inalegea. Zote tatu nzima. Nikasafisha zile skrubu ndefu za kusogezea daraja kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikapaka grisi, daraja likasukumika kwa mkono mmoja.

Tabu ilikuwa nani ataziamuru zitembee. Laptopu yangu haina ile soketi pana ya pini 25 ya printa za zamani, ambayo XP ilikuwa inapitishia mapigo ya umeme, kila pigo linasogeza mota kidogo. Kijana wa simu pale stendi ndiye aliyenipa Arduino Uno, kikompyuta cha bodi moja, cha kiganja tu. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32, haitoshi hata picha moja ya harusi ya mdogo wako, lakini inaendesha mota tatu kwa pamoja bila kutetereka. Programu inaitwa GRBL, ya bure kabisa, aliianza Mnorway mmoja, Simen Svale Skogsrud, mwaka 2009. Laptopu inatuma mstari mmoja mmoja kwa waya wa USB, na kuhesabu mapigo anahesabu Uno mwenyewe. Kwa hiyo Windows ikiamua kujisasisha katikati ya kazi, mapigo hayapotei. Mbaya zaidi mashine itasimama kungoja mstari unaofuata.

Siku ya kwanza nikaiamuru ichore duara la sentimita 10. Likatoka yai. Babu akasema mashine ina njaa. Nilikesha na hesabu: mota hatua 200 kwa mzunguko, draiva, kile kifaa kinachoizungusha mota, inagawa kila hatua mara 8, yaani 1,600, skrubu inasogea milimita 5 kwa mzunguko, basi mapigo 320 kwa milimita. Hesabu sahihi, yai palepale. Kumbe viswichi vidogo vyeupe kwenye draiva ya X viliwekwa kugawa mara 16, kwa hiyo X ilikuwa inakwenda nusu ya safari. Nani aliviweka hivyo, sitaki kusema. Mwandiko uliokuwa pembeni yake naujua.

Halafu kile kikaratasi chako cha "mbele". Nikaunga kama ulivyoandika, nikaamuru Y mbele, ikarudi nyuma mpaka ikagonga ukuta wa boksi. Mbele ya nani, mgosi? Nikageuza kwa tarakimu moja tu kwenye mipangilio, waya sikugusa.

Nikuandikie sasa lililonifanya nishike kalamu.

Kila nikiwasha mota ya kukatia, ile ya kilowati 2.2, mashine inasimama, kwenye kioo inaandika ALARM:1. Maana yake imeona swichi ya mwisho wa reli, ile ya kuizuia isipitilize, imeguswa. Na hakuna kilichogusa kitu! Daraja liko katikati ya meza. Fundi umeme mmoja, simtaji, akanishauri niizime kabisa ile kinga ya swichi. Nikamsikiliza. Kweli alamu ikaisha. Siku ya pili nikakosea sifuri ya kuanzia, daraja likaenda mpaka mwisho wa reli, mota zikalia kama mbuzi aliyeshikwa sikio, na kisu cha milimita 6 kikakatika kikapita karibu na sikio la Babu. Nikairudisha kinga usiku uleule.

Nilivyoelewa, kelele za umeme zinatoka kwenye inveta, kile kiboksi kinachoendesha mota ya kukatia. Nyaya za swichi tulizipitisha pamoja na kebo ya mota ndani ya mnyororo mmoja wa kubebea nyaya, na zinabeba volti 5 tu, basi kila inveta ikipiga, Uno anadhani ameguswa. Nikazitoa nyaya za swichi nje ya mnyororo nikazitundika darini kwa kamba ya katani. Usicheke. Alamu kila dakika ikawa alamu moja kwa kazi nzima. Nikaongeza kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kwenye kila swichi, ikapungua tena. Lakini kazi ya saa tatu ikikatika saa ya tatu ni hasara ileile, ubao umekwenda.

Na kazi ipo. Kitanda cha harusi cha mtoto wa Mama Zai, ubao wa kichwani na wa miguuni. Nimeshapokea kianzio, na safari hii nusu yako nimeitenga, iko kwenye kopo la skrubu.

Ninachohitaji kipo Kariakoo, hapa nimezunguka mpaka barabara ya mwisho sijakiona: waya mwembamba wa nyuzi mbili wenye wavu wa chuma chini ya gamba, mita 20. Si wa spika, watakubambika wa spika. Ule wavu nitauunga ethi upande mmoja tu, upande wa sanduku. Na koleti ya ER20 ya milimita 6, kile kibano kinachoshika kisu, hii iliyopo imekula, kisu kinacheza. Ukikosa koleti, waya usikose.

Unaweza kupita kesho au keshokutwa? Utaupakia basi la asubuhi, au utaubeba mwenyewe? Maana chumba chako Babu ameweka magunia ya nazi, yanahamishika. Huko karakana unakofanya wanakulipa vizuri au wanakuzungusha? Unakula? "USIGUSE" ilikuwa ya nini, nimeshaigusa na hakikutokea kitu, au kitatokea baadaye? Bado umekasirika kwa yale niliyosema siku ile mbele ya Bonge? Na ulipoandika "mbele", ulikuwa umesimama upande gani wa meza?

Nijibu kwa simu kama huwezi kuandika. Umeme umerudi sasa hivi, nakwenda kumalizia jani lililobaki.

Wako,
mwenye nusu nyingine

Sahani ya Mama Zai ni ile ya maua ya bluu. Usije bila hiyo.