Risala ya Klabu ya Wanahabari Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu na walezi wetu,
Wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha katika uzinduzi wa toleo jipya la jarida letu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu yamo ndani ya jarida ulilokabidhiwa mlangoni, hivyo hatutayasoma hapa. Tunaomba muda huu tuutumie kwa swali moja linalotukosesha raha: gazeti ni mali ya nani?

Swali hili lilitufika mwaka jana. Kurasa zote nane zilikuwa zimeshapangwa, na mfadhili aliyelipia karatasi na uchapaji akaomba kuziona kwanza. Jioni akapiga simu: habari ya ukurasa wa tatu itoke. Ilikuwa habari ya kweli, tuliyoithibitisha kwa watu watatu. Tuliitoa. Mahali pake tukaweka ratiba ya michezo, kwa herufi kubwa ili ijaze nafasi. Mwenzetu aliyeiandika alikaa pembeni akiitazama ratiba ile ikipangwa, hakusema neno. Hatumlaumu mfadhili peke yake. Karatasi ilikuwa yake, nasi hatukuwa na hati yoyote ya kutukinga.

Tukaanza kusoma wengine walifanyaje. Tulikuta kwamba Dyal Singh Majithia, aliyeanzisha gazeti la The Tribune mjini Lahore mwaka 1881, aliagiza katika wosia wake kwamba baada yake liendeshwe na wadhamini, yaani watu wanaoitunza mali kwa niaba ya wengine bila kuifanya yao. Alifariki mwaka 1898. Gazeti lilihama kutokana na mgawanyiko wa India na Pakistan mwaka 1947, Lahore ilipobaki upande wa Pakistan, na leo linachapwa Chandigarh, India, bado chini ya wadhamini.

Lakini mfano uliotushika zaidi ni wa ukoo wa Scott wa Manchester, Uingereza. C. P. Scott alikuwa mhariri wa gazeti la Manchester Guardian kwa miaka 57, na mwishowe akawa mmiliki wake. Alifariki Januari 1932. Miezi michache baadaye mwanawe Edward, aliyekuwa mhariri, akafa maji katika ziwa Windermere. Akabaki John, mtoto mwingine, na gazeti lote mikononi mwake. John alijua kwamba siku atakapokufa yeye, kodi ya urithi ingewalazimu warithi kuliuza. Mwaka 1936 akazikabidhi hisa kwa wadhamini, yeye na uzao wake wasidai tena hata senti ya faida. Mhariri alipewa agizo moja tu: aliendeshe gazeti kwa mwelekeo na moyo ule ule wa zamani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi Waswahili jambo hili tunalifahamu kwa jina la wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachotumika ni manufaa yake. Sheria za wazungu hazifanani na zetu kwa kila kipengele, lakini nia ni ile ile.

Na hati ile ya John Scott ilikuja kujaribiwa. Katikati ya miaka ya 1960 gazeti, ambalo sasa liliitwa The Guardian, lilikuwa likila hasara. Laurence Scott, mwana wa John huyo huyo, akiwa mwenyekiti wa kampuni, alitaka liunganishwe na gazeti la The Times la London. Aliyekataa ni binamu yake Richard, mwana wa yule aliyekufa maji, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa wadhamini. Mhariri Alastair Hetherington akasimama naye. Gazeti likabaki peke yake mpaka leo. Tunadhani kisa hiki kinafundisha kuliko kitabu kizima cha sheria: ndugu wawili wa ukoo mmoja, wote wakilipenda gazeti, na tofauti ikaamuliwa na karatasi iliyosainiwa miaka 30 nyuma.

Hatusemi udhamini ni dawa ya kila kitu. Mkono mtupu haulambwi. The Guardian lilibebwa miaka mingi na faida ya gazeti dada, Manchester Evening News, na baadaye na biashara ya matangazo ya magari, ambayo sehemu yake iliuzwa mwaka 2014 kwa pauni milioni 619. Huko Florida, Marekani, Tampa Bay Times linamilikiwa na taasisi ya mafunzo ya uandishi aliyoiachia mmiliki wake wa zamani, Nelson Poynter, na bado tangu mwaka 2020 linachapwa siku mbili tu kwa wiki. Na wadhamini nao huuza: Desemba 2024 waandishi wa The Guardian na wa The Observer, gazeti la Jumapili lililokuwa chini ya wadhamini hao hao, waligoma kupinga The Observer kuuzwa kwa kampuni ya habari ya Tortoise, na uuzaji ukaidhinishwa siku iliyofuata mgomo. Jambo hilo lilituhuzunisha, na ndilo lililotufanya tutake hati yetu iseme wazi wadhamini wanawajibika kwa nani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo hatukuombi kompyuta wala mashine ya kuchapia. Tunakuomba ukubali kuwa mdhamini wa kwanza wa jarida hili, pamoja na wengine wanne tutakaowachagua kwa muda maalumu. Wadhamini watunze fedha, wateue mhariri, wasome mahesabu mbele ya wanachama wote. Kurasa wazione siku tunayoziona sote, zikiwa zimeshachapwa.

Rasimu ya hati imo katika bahasha iliyo mezani kwako. Kipengele cha nne, kinachosema nani ana mamlaka ya kuondoa habari, tumekiacha wazi kwa sababu tulibishana usiku mzima bila kuafikiana. Tungependa kusikia kauli yako.

Tunaomba kuwasilisha.