Kubadilisha majina ya faili nyingi kwa mkupuo mmoja bila kulipia programu

Wateja wanaotuletea diski zao ili tuwapangie picha na nyaraka hutuuliza mara kwa mara kama ni lazima mtu akae akibadilisha jina la faili moja baada ya jingine. Si lazima, na mara nyingi si lazima hata kutulipa sisi, kwa kuwa programu zinazobadilisha majina ya mamia ya faili kwa mkupuo mmoja zinapatikana bure, na baadhi yake zimo tayari ndani ya kompyuta yako. Wengi hukwama mapema zaidi: huanza kubofya kabla hawajaamua jina wanalolitaka liwe na sura gani.

Tuanze na kamera, kwa sababu ndiyo inayotuletea kazi nyingi zaidi. Kamera nyingi huzipa picha majina kama DSC_0001, na hesabu ikishafika 9999 hurudi mwanzo. Kwa hiyo mwenye kamera mbili, au mwenye kamera moja aliyoitumia kwa miaka kadhaa, anazo picha tofauti zenye jina moja, na siku atakapozikusanya katika folda moja, picha mpya inaweza kuandikwa juu ya ile ya zamani ikiwa atakubali ombi la kompyuta bila kulisoma. Huo ni upotevu ambao hauonekani siku hiyo. Hugunduliwa baadaye, mtu anapoitafuta picha fulani na kuikosa.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa karibu kila mteja ni tarehe, kisha maneno mawili au matatu ya maelezo, kisha namba: 2024-03-17_harusi_007. Mwaka hutangulia, ukifuatwa na mwezi na siku, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza, na hapo faili hujipanga zenyewe kufuata wakati. Sufuri zilizo mbele ya namba si pambo. Windows hupanga namba kwa thamani yake, hivyo 2 hutangulia 10, lakini seva na programu nyingine nyingi husoma tarakimu moja moja kama herufi, na huko 10 hukaa mbele ya 2. Ukiandika 002 na 010, mpangilio haubadiliki popote utakapozipeleka faili.

Kwa kazi ndogo, Windows yenyewe inatosha: chagua faili zote, bonyeza kitufe cha F2, andika jina, kisha bonyeza Enter, na kila faili itapata jina hilo pamoja na namba katika mabano. Kasoro yake ni kwamba namba hizo hazina sufuri mbele. Kwenye kompyuta za Mac, Finder, programu yake ya kutazamia na kupangia faili, ina uwezo wa namna hiyo tangu mwaka 2014, tena mpana zaidi. Ukihitaji zaidi ya hapo katika Windows, tunakushauri PowerRename, iliyo ndani ya kifurushi cha PowerToys ambacho Microsoft hukitoa bure. Kwa wanaotumia Linux, KRename inafaa sana. Bulk Rename Utility nayo ina nguvu nyingi, ila ni bure kwa matumizi binafsi tu, na ofisi inapaswa kununua leseni yake. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wateja wetu wengi ni wafanyabiashara, na neno “bure” huwa na masharti yasiyosomwa.

Sifa moja tunayoitazama kuliko zote katika programu hizi ni safu mbili zinazokaa bega kwa bega, majina ya sasa upande mmoja na majina yatakayokuja upande wa pili, kabla chochote hakijabadilika. Tulijifunza thamani yake kwa uchungu. Tulikuwa na risiti za mteja zilizoandikwa mwezi kwa tarakimu, tukaiagiza programu ibadilishe kila “10” kuwa “Oktoba”. Risiti za Oktoba zilitoka vizuri, lakini risiti namba 1104 nayo ikawa “1Oktoba4”, na nyingine nyingi zikaharibika kwa namna hiyo hiyo. Tulitazama mistari mitano ya juu tu, nayo ilikuwa sahihi. Kilichotuokoa ni nakala ya folda nzima tuliyokuwa tumeihifadhi kwenye diski nyingine. Tangu hapo hatuanzi kazi bila nakala, na tunaishusha orodha ya majina mapya hadi mwisho tukiisoma. Usitegemee kutengua kwa Ctrl na Z, kwa sababu uwezo huo haudumu baada ya kompyuta kuzimwa.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Faili inaponakiliwa katika Windows, nakala hupewa tarehe mpya ya kuundwa, hivyo ukiitumia hiyo, picha za miaka 10 zote zinaweza kuonekana zimepigwa jana. Tarehe ya kweli huwa ndani ya picha yenyewe, ambako kamera iliiandika, na programu ya bure iitwayo ExifTool huweza kuisoma na kuifanya jina. Kama saa ya kamera ilikuwa mbele au nyuma, ExifTool huweza pia kuzisogeza tarehe zote kwa saa kadhaa kwa amri moja. Picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa hizo, na tarehe iliyo katika majina yao si lazima iwe ya siku zilipopigwa.

Epuka mkwaju, nukta pacha, alama ya kuuliza na nyota, kwa kuwa Windows haizikubali katika majina, na usiiguse sehemu inayofuata nukta ya mwisho, kama .jpg au .pdf, ambayo huiambia kompyuta ifungue faili kwa programu ipi. Zaidi ya yote, jiulize kama kuna faili nyingine inayoiita hiyo unayotaka kuibadilisha. Jedwali la hesabu linalovuta takwimu kutoka jedwali jingine, kitabu kilichopangwa kwa picha zilizo nje yake, au tovuti inayoonyesha picha kwa jina, vyote hupoteza njia mara jina linapobadilika. Folda za namna hiyo tuletee kabla hujazigusa, pamoja na faili zinazoziita, ili tubadilishe pande zote mbili kwa wakati mmoja.