Kava la paa la turubai halikushonwa kwa ajili ya mvua

Sisi tunashona makava ya gari hapa Zanzibar, na wateja wetu wengi ni wenye gari za kukodisha watalii zenye paa la turubai la kukunja, zile Escudo fupi, RAV4 za zamani za milango miwili, na mara moja moja anatokea mtu na Mazda MX-5 yake, kile kigari cha watu wawili. Wote wanakuja na malalamiko yale yale: paa likishakunjwa nyuma, lile kava la kulifunikia mbona halidumu, na mbona mvua ikinyesha maji yanapita?

Maji yanapita kwa sababu halikutengenezwa kuzuia maji. Lina mishono, lina vifungo vya kubonyeza, pembeni kuna uwazi, utazuia nini hapo? Kazi yake ni upepo, jua na uchafu. Ukitoka mjini kwenda Nungwi paa limekunjwa halina kava, kitambaa kinapigwa na upepo njia nzima, kinajisugua kwenye vyuma vya fremu mpaka kinachubuka pale pale kwenye mikunjo, na jua nalo linakula upande wa ndani ambao haukufanywa kukaa juani. Tena kuna kunguru wetu, ukiegesha chini ya mti pale Forodhani ndo utajua kazi ya kava.

Sasa kinachoua, kava na paa lake vyote viwili, ni unyevu uliofungiwa. Mtu katoka Paje, mvua imemkamata Jozani, kapandisha paa, kufika mjini jua kali, basi analikunja vile vile bichi na kulifunika na kava juu, gari inalala hivyo. Kwa joto letu hili haichukui muda koga ishaingia, yale madoadoa meusi, na ikishapenya kwenye nyuzi hata uoshe vipi alama inabaki. Wengine wanakimbilia Jiki, jamani Jiki inakula uzi wa mshono na inapausha rangi, koga umeipunguza lakini kava limeanza kufumuka. Sabuni laini, brashi laini, maji mengi, halafu liache lifunguke mpaka likauke, hata ukikesha nalo wazi uani.

Gari zinazolala pwani, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa huko, hata isiponyesha zina unyevu, kwa sababu upepo wa bahari unaleta chumvi na chumvi inavuta maji kutoka hewani. Zisuuzwe mara kwa mara na maji ya bomba. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, onja kwanza, kama yana chumvi unazidi kuipaka gari tu.

Kulivisha nako kuna namna yake, tunaona watu wanalivuta kwa nguvu kama wanagombana nalo. Paa liwe kavu. Kama kioo cha nyuma ni cha plastiki chenye zipu, mfano zile MX-5 za mwanzo za 1989 mpaka 1997, fungua zipu ukilaze kioo kwanza ndo uteremshe paa, ukiliteremsha na kioo kimefungwa kinajikunja vibaya na ule mstari hautoki, baadae kinapasuka hapo hapo. Sisi tunaweka kipande cha kanga kuukuu, safi isiyo na mchanga, plastiki isisuguane. Kitambaa chote kiingize ndani kisibanwe na vyuma, halafu kava ulianike juani kidogo lilainike, maana yale ya vinaili yakikaa muda yanajikaza. Anza kufunga kati, nenda kulia, nenda kushoto, pembe za mwisho ziwe mwisho. Ukianzia pembeni lazima upande wa pili likukatae.

Kufungua usishike ukingo wa kava ukavuta tu! Tia kidole chini, karibu kabisa na kifungo, kibandue kimoja kimoja. Ukivuta ukingo, ama unachana kitambaa ama unang'oa kile kipande cha chini cha kifungo kilichopigwa kwenye bodi, na lile tundu likiachwa kutu inaanzia hapo kwa kasi sana. Kikishang'oka lete tusafishe tundu, tupake rangi ya kuzuia kutu, ndo tupige kingine, tena cha stenlesi. Zipu zikikaza sugulia mshumaa, usitie mafuta ya injini, yananasa mchanga.

Kwa wanaotaka kushona jipya: lile turubai la maroli sisi hatulipendi kwa kazi hii, ni zito, ni gumu, linasugua rangi ya gari. Linadumu kweli, hilo hatubishi, lakini rangi ya bodi ni ghali kuliko kava. Uzi tunatumia wa poliesta, wa nailoni unaonekana una nguvu siku ya kwanza lakini jua linaumaliza mapema. Na hatushoni kwa kuletewa kava bovu peke yake, maana lilokwisha kuvutika au kusinyaa linatoa vipimo vya uongo. Leta gari yenyewe, paa kavu na limekunjwa vile unavyolikunja wewe siku zote, tunapima pale pale. Mje kabla ya masika, mvua za mwezi wa tatu zikishaanza uwa wetu hauna pa kukaushia na foleni inakuwa ndefu.